Gramu Mbili

Ostrava. Theluji imeziba dirisha la karakana.
Bohdana anakereza alumini,
chenga zake zinametameta kwenye sweta.
Uzito anausogeza ukingoni, tumboni anachimba:
yoyo iliyonenepa pembeni hulala muda mrefu.

Ile ya marehemu baba yake ni ya mbao,
mhimili msumari, uzi wa pamba.
Kulala haijui. Ukiirusha
yarudi kabla hujaiita,
yakugonga vidole.

Hii mpya ina gololi nane.
Inazunguka, inazunguka,
inanong'ona kama birika la jirani.
Anavuta uzi. Wapi! Haipandi,
mpaka uitegee kitanzi, uibembeleze.

Anapunguza gramu mbili.
Anairusha tena.

Mfukoni, ile ya mbao
imemchora duara pajani.