Hesabu ya Miaka Mia Tatu

Kila Juni, kabla vitabu havijafungwa,
hushuka Njiro na daftari kwapani.
Laizer hufungua kufuli la kwanza, mimi la pili.
Mapipa kumi na manne, zege hadi kooni,
kila pipa na pembetatu yake ya njano,
na ndani ya pembetatu lile pangaboi
la mabawa matatu lisilozunguka.

La saba nalijua lilikotoka.
Kipimo cha wajenzi wa barabara,
kikaishia Unga Limited, kwa Lyatuu wa vyuma chakavu.
Alikiweka kwenye mizani kama springi ya lori:
kilo ishirini na mbili, mia sita kwa kilo.
Elfu kumi na tatu na mia mbili. Stakabadhi ninayo.
Ninayo na ile nyingine: gari, wataalamu,
risasi ya kukifunika, zege, rangi,
posho za siku tatu.
Jumla yake sitaitaja. Mkurugenzi aliisoma mara mbili
akauliza kama nimezidisha sifuri.

Sikuzidisha. Nilipunguza.
Maana kilichomo hupungua nusu kwa miaka thelathini,
kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo,
kama deni la mtu mwenye haya,
na Naishiye wa maabara aliniambia akicheka kidogo:
"Andika miaka mia tatu, ndipo ukalale."
Daftari langu lina mistari thelathini na miwili kwa ukurasa.
Bajeti yetu hufa tarehe thelathini, saa sita usiku.

Nani atamlipa mlinzi wa siku hizo?
Kwa noti gani, yenye picha ya mnyama gani?
Naye atajua kusoma HATARI,
au neno litakuwa limechakaa,
limekuwa jina la baa?

Sisemi kwa chuki.
Pipa la kumi na moja ni moyo wa mashine
iliyomlaza mama chini yake, dakika tatu tatu, wiki sita,
akarudi Kibosho akapalilia migomba
miaka kumi na mmoja.
Ningelipa. Ningelipa tena, na chenji nisidai.
Ila anayelipa si mimi.

Kwetu kihamba hakiuzwi.
Unarithi migomba, na makaburi katikati ya migomba,
na ufagio wa makaburi.
Hiki nacho ni kihamba: kina mpaka, kina wafu wasiotulia,
hakizai hata mkungu mmoja,
na mrithi hakuulizwa.

Leo nimekuja na jani la isale.
Nimelichuma mpakani kwa mama, nikalipiga fundo
kama afanyavyo aliyekosa
anapokwenda mlangoni pa aliyemkosea,
akijua jani halikataliwi.
Lakini mlango wao uko wapi, hawajazaliwa?
Nikalifunga hapa langoni, chini ya pembetatu.
Laizer alitazama, asiulize. Kwao hushika nyasi.

Kisha nikajaza mistari ya mwisho:
Kufuli, moja. Grisi, kopo moja.
Jani la isale: bure.

Nikakaa nalitazama hilo neno.
Nikalikata kwa kalamu nyekundu.