Saa za Kichwani

Chumba hakina dirisha. Ghorofa ya chini, Tononoka.
Nimewasha taa moja nyekundu, ndogo kama jipu,
kwa sababu nyeupe hufuta:
dakika chache tu za mwanga wake, na melatonini
huondoka kichwani mwa kuku
kama mgeni aliyesikia sahani zikihesabiwa.

Majogoo ishirini na wanne wa Kongowea,
wanne kwa kila zamu, zamu sita.
Tsuma hushika mabawa, mimi hushika mkasi.
Tukimaliza husema "pole" kwa sauti ya chini
na sijui humwambia nani.

Chini ya fuvu, pale bongo mbili zinapopeana mgongo,
kuna kitu mfano wa punje ya mtama.
Mchana kimeshiba serotonini.
Usiku, serotonini ile ile huvuliwa nguo za kazi,
huvishwa za kulalia, hubadili jina.
Hakuna mgeni aliyebisha hodi. Ni mama yule yule
aliyeshinda akifua, sasa anatandika.
Na nyuma kabisa ya jicho dopamini ina duka:
hufungua alfajiri, hufunga magharibi,
na haikopeshi.

Nimepima tezi, jicho, ubongo wa kati,
nimepima utumbo.
Hata utumbo una usiku wake.

Mashine imekuja na saa za kwao.
Usiku wa manane yaniandikia mbili.
Daktari Mkala akasema: tusifuate ukuta, tufuate taa,
inapowaka ndipo sifuri, ikipita saa moja, andika moja.
Akaniona nacheka.
Daktari, hiyo ndiyo saa niliyofundishwa jikoni!
Jua likichomoza hatuna kitu mkononi,
likipanda kidogo, saa moja.
Miaka yote nikidhani ni desturi yetu tu,
kumbe na kuku husoma hivyo hivyo.

Kwenye zamu ya usiku wa mwisho alikuwepo kishingo mmoja,
shingo tupu, nyekundu, hana haya.
Siku kumi hakuiona mbingu.
Taa ya chumba chao ilikuwa na saa mbili kabla ya kuwaka,
kipaza sauti cha msikiti hakijakohoa bado,
akawika.
"Jogoo wa shamba hawiki mjini," Tsuma alisema,
kisha akanyamaza, maana lilikuwa limekwisha wika.
Tulitazama ukuta: kumi na dakika kumi.
Tulimtazama yeye.
Saa yake ilikuwa imefika, kwa maana zote mbili.
Huyo nilimshika mwenyewe.

Nyumbani Mishomoroni, usiku ule nisio na zamu,
nasikia fagio uani.
Mamangu, Mwanakheri binti Shekue, amekwisha vaa buibui.
"Wachelewa chuoni, weye," aniambia,
mimi wa miaka arubaini na moja.
Taa ya mlinzi wa jirani inamwaga mchana juu ya ukuta wetu
tangu Januari; nimekwenda kusema mara tatu.

Wazee, punje ile huingia chokaa,
kama birika letu la maji ya kisima,
lachemka, lakini laanza kuchelewa.
Nayajua hayo. Naweza kuyachora.
Ya kuku naipima kwa sehemu ya bilioni ya gramu,
na ya huyu, iliyo shibiri moja na mkono wangu
nimpangusapo jasho, siioni.

"Saa ngapi?"
"Saa nane, mama."
"Za wapi?"

Nilifungua mdomo.
Daftari langu lina safu sita, na hakuna safu ya hilo.
Yeye amekwisha keti kwenye kibao cha mbuzi,
kapakata ungo, anamenya vitunguu
vya chakula cha watu ambao wengine wamekufa.
Nilikwenda nikaning'iniza leso dirishani, nikazima taa nyeupe,
nikatafuta kisu cha pili.
Tulimenya gizani, kwa kupapasa.
Vyake vilitoka vizima. Vyangu vilinichoma macho.