Vinne, au Wanne

Kila Februari barua huja, bahasha nyembamba,
nembo ya kliniki ya uzazi ya Oulu kwenye pembe,
na Sirkku huiweka chini ya bakuli la ndimu
hadi theluji ya paani ianze kudondoka.

Mwaka huu kaifungua wima, koti bado mwilini.
*Viinitete vinne vingali vimehifadhiwa.
Tia alama kisanduku kimoja:
kuendelea kuvitunza, kuviteketeza, kuvitoa kwa utafiti.*
Karatasi imeshakata shauri: vi, vi, vi,
kama vikombe, kama viatu.

Mimi ninayesimulia, sarufi yanikwamisha papo hapo.
Ndani ya naitrojeni, niseme vimelala, au wamelala?
Kipofu tulimpa jina la kitu,
kisha tukamrudishia utu kwenye kitenzi: kipofu amefika.
Kifaranga naye analia.
Hata kiroboto hapungukiwi: anaruka.
Basi hiki, kidogo kuliko nukta ya mwisho wa mstari huu.
Hiki, au huyu?

Seli mia hivi. Hakina moyo, hakina neva hata moja.
Lakini Helka, wa darasa la kwanza, jino la mbele limeng'oka,
alitoka sahani ile ile, Jumanne ile ile.
Alikuwa wa tano. Mtu wa hadubini alimwona duara zuri,
akamwinua.
Angeweza kumwinua wa pili.
Taneli hulikumbuka hilo usiku, na hasemi.

Babake Sirkku ni Ensio, fundi saa wa miaka arobaini na mmoja.
Vidole vilivyokamata skrubu ndogo kuliko chawa
sasa kijiko kinavishinda. Kahawa humwagika sahanini,
naye hutangaza, "Tetemeko la ardhi tena!"
na huwa wa kwanza kucheka, na wa kwanza kuacha.

Daktari Sarlin hakuwauzia ndoto.
"Tutatoa seli shina, tuzifundishe kuwa neva za ubongo,
zile zinazomfia mzee. Siahidi.
Kiinitete chenyewe hakibaki. Hilo siwezi kulilainisha.
Seli zake ndizo zitakazoendelea kugawanyika,
pengine sisi sote tumeshazikwa."
Taneli akauliza: si siku hizi mwachukua ngozi ya mtu mzima
mkairudisha utotoni?
"Twafanya. Ila za mwanzo bado twazihitaji, tuzilinganishe."
Akawasindikiza hadi mlangoni, akashika kitasa, hakukizungusha.
"Wangu watatu, mimi nilishindwa kuwatoa.
Niliwateketeza."
Wa. Niliisikia.

"Usinifanye mimi sababu," Ensio alimwambia bintiye.
"Dawa hiyo ikikomaa nitakuwa Intiö, chini ya misonobari.
Mkitoa, mtoe kwa ajili ya mtu msiyemjua.
Msipotoa, nisije nikatazamwa mezani kama deni."

Wiki tatu kalamu ilikaa juu ya jokofu.
Taneli aliosha gari mara mbili, katika baridi ile.
Walibishana juu ya bili ya umeme, juu ya glavu zilizopotea,
juu ya kila kitu isipokuwa hicho.
Kisha Sirkku akatia alama kisanduku cha tatu,
akaiacha karatasi mezani, akaenda kazini.
Saini ya Taneli ilifuata siku ya nne,
ndogo kuliko alivyozoea kuandika jina lake.
Hakuna aliyejisikia mwema.

Asubuhi, bahasha ikisubiri kando ya viatu,
Helka alipanda stulini amfunge babu shati.
Babu aliinua kidevu, mikono akaikalia ipate kutulia.
Naye, wa tano, asiyejua lolote,
alihesabu vifungo kwa pengo la jino lake,
moja, mbili, tatu, nne,
akakomea hapo.
Cha juu akakiacha wazi.