Kimya cha Siwema

Alhamisi, ghorofa ya pili, Mtaa wa Mindu, Upanga.
Feni inazunguka kama mtu anayetafuta miwani yake.
Meza nane, vitambaa vya kijani vilivyopauka,
chai ya maziwa imeota ngozi vikombeni.
Meza ya tano: mimi kaskazini, Siwema kusini,
na kati yetu Kaijage wa bandari
na Daktari Dharamsi, mng'oa meno.

Wageni huuliza: briji ni nini, kamari?
Hapana. Ni lugha yenye maneno thelathini na nane,
basi, hakuna la ziada.
Pasi ni neno. Dabo ni neno.
"Labda" halimo.
Huwezi kusema ningekuwa na kopa moja zaidi,
huwezi kusema naogopa.
Unanadi, unanyamaza, mwenzio anakusoma,
na sauti iwe ile ile, mwendo ule ule,
umeshika ree nne au umeshika takataka.

Nilishika shupaza sita, ree na malkia juu yake,
kopa moja tu, ya mbili, yatima,
uru tatu chini ya mfalme,
pau tatu, mfalme na ghulamu wake.
Pointi kumi na tatu. Si utajiri, si njaa.
"Shupaza moja."

Kaijage hakungoja: "Kopa nne."
Hunadi kama anayeshusha kontena,
lote kwa mpigo, kilichovunjika mkihesabu wenyewe.

Kisha Siwema akanyamaza.

Siwema ni mkunga wa Mwananyamala, mwaka wa ishirini na sita,
amezoea kuhesabu kati ya uchungu na uchungu.
Jenereta la jirani likakohoa, likashika.
Mlinzi akafungua geti, akalifunga.
Kidole chake kikagusa karata moja, kikarudi.

"Pasi."

Daktari naye pasi. Zamu yangu.

Kimya kingi kina mshindo,
na ule niliusikia hadi magotini.
Mwenye mkono mtupu hafikiri kiasi hicho.
Ana kitu. Ana mfalme wa shupaza, ningeapa.
Nne zilikuwa ulimini, zimeshalowa mate.

Lakini kimya si neno la thelathini na tisa.
Alilosema ni pasi; nililoruhusiwa kusikia ni pasi.
Nilikuwa mkaguzi wa hesabu.
Nimeona katika vitabu vya watu
tarakimu ya penseli iliyofutwa:
unaiona kabisa, na huijumlishi.

Nikahesabu upya, kama vile alipita upesi.
Nusu ya ukumbi wangesema nne, nusu wangekaa.
Ingekuwa wote, ningesema bila aibu.
Mtego umo katika mkono wa katikati,
pale hukumu inapopepesuka
na sikio limeshaegemea upande.

"Pasi," nikasema.

Kaijage akalamba kumi, kamili.
Siwema akazilaza zake mezani:
shupaza mbili tu, moja mfalme;
uru tano, ree na malkia
wamekaa pamoja kama maharusi.
Kwa shupaza tungepata kumi na moja.
Daktari ndiye aliyetuhesabia, bila kuombwa.
"Mkono mtupu haulambwi," akasema,
"wenu ulijaa asali, mkauosha."

Ngazini hakuna taa.
Siwema alitangulia, viatu mkononi.
"Ningepita upesi, ungesema nne?"
Nikasimama. Ndiyo ilikuwa tayari mdomoni,
ndiyo nzuri, ya kunipamba.
"Sijui," nikasema.
Akacheka, au alikohoa.

Karibu na Faya tukanunua mihogo ya kukaanga.
Akaninyunyizia pilipili bila kuuliza,
upesi,
kama mtu asiye na cha kufikiria.