Sado Moja

Kituo chetu cha afya, Pasua, kina mashine tano
za kushika umeme ukikatika.
Kila moja ililetwa na mfadhili wake
na ikaja na lugha yake.

Ya maabara hutaja asilimia.
Ya chumba cha chanjo hutaja dakika.
Ya mapokezi hutaja sekunde, nami siku ya kwanza
nikasoma 840, nikadhani tuna akiba mpaka Pasaka.
Ya upasuaji huandika 2304, yaani volti
mia mbili thelathini na nukta nne;
nukta ameachiwa msomaji aitie mwenyewe,
kama chumvi.

Tena mbili ya hapa ni “umeme upo”,
mbili ya pale ni “nakula betri”.

Ile kuukuu ya wodi ya wazazi haitaji kitu.
Ina taa ya kijani. Inasema sawa.

Daktari Aminieli akachoka: “Ndeshi,
nipe ukurasa mmoja. Tumebakiwa na muda gani?
Basi.”

Nikacheka. Mama yangu aliuza mahindi Himo.
Sado yake ilikuwa kopo la rangi lililonyooka,
ya jirani imebonyezwa kitako,
ya yule wa tatu hujazwa mpaka ivae kilemba,
na mteja mwenye mfuko wake
alitaka kujua tu watoto watakula siku ngapi.
Hata saa: kioo kinaandika saba,
kinywa changu kinasema moja,
na sijawahi kuachwa na basi.

Nikakesha siku tatu na daftari la mistari.
Sekunde nikazigawa kwa sitini.
Nukta nikairudisha kwake.
Asilimia ndiyo iliyonitesa:
nilichomoa waya, nikakodolea saa ya ukutani,
friji ya maabara ikinguruma,
nikakuta hamsini ya mashine ile ni dakika tisa,
na ile hamsini nyingine, iliyobaki, ni nne.
Nikaandika nilichokiona.

Ikabaki ya wazazi.
Nikaichomoa mchana, vitanda vikiwa vitupu.
Ikasema sawa, ikasema sawa, ikanyamaza.
Dakika moja na nusu.
Kesho yake ikatoa sita.
Keshokutwa haikutoa hata moja.

Kwenye mstari wake nikaandika, kwa wino mwekundu: sijui.

Daktari akauliza tangu lini sijui ikawa kipimo.
Sikuwa na jibu. Nikaenda kununua tochi mbili,
nikazitundika kwenye msumari, mlangoni mwa wodi.

Ijumaa, saa nane za usiku, mvua ikipiga mabati,
mtaa mzima ukazimika.
Muuguzi Eliafile akautazama ukurasa,
akairuka mistari minne yenye tarakimu zangu nzuri,
akaenda moja kwa moja kwenye wino mwekundu,
na taa ya kijani ilipokuwa bado inasema sawa
mkono wake ulikwisha kufika msumarini.