Bati la Mayi

Mayi amesimamisha bati
baina ya ruta na kitanda cha Sitati.
Bati la zamani, limeliwa na kutu mgongoni,
alilibandua kwenye paa la jiko,
akalifuta kwa khanga, akalikita pale
kama anayeziba tundu la kuku asiingie kicheche.

Nikacheka. Mimi ndiye fundi,
ninayepanda nguzo kutoka Webuye hadi Kimilili
nikiwafungia watu mtandao.
Nikamweleza: Mayi, mionzi hii ni hafifu,
haichomi, haitoboi,
hata balbu ya chumbani ina nguvu kuishinda.
Nilikuwa na tarakimu. Nilikuwa na kijitabu cha kampuni.

Akaniuliza: na kijitabu kaandika nani?

Kiwanda cha karatasi kilipokuwa bado kinapumua,
nasi tukila ugali wenye harufu ya mayai viza,
alikuja bwana mmoja, kofia ya plastiki, viatu safi,
akasema harufu si kitu.
Baba akaamini. Alikuwa wa zamu ya usiku.
Mabati hayakuamini:
ilianza kuliwa misumari, zikafuata kingo,
mwishowe tukawa tunahesabu nyota tukiwa tumelala.

"Lile lilinuka," akasema, "tukaambiwa si kitu.
Hili halinuki.
Sasa nimwulize nani, pua yangu?"

Sikuwa na jibu la kijitabuni.
Bati lenyewe ni matundu matupu;
mwanga wa kijani wa ruta unapenya,
unadondokea shuka la mtoto vitone vitone.
Na hata lingekuwa zima, mawimbi yangezunguka,
yangepitia dirishani, yangepitia ukutani,
ya jirani nayo yangekuja bila kubisha hodi.
Hayo sikumwambia.

Usiku, walipolala,
niliichomoa ruta nikaihamishia sebuleni,
juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika.
Sikuamini. Niseme wazi, sikuamini.
Ila bati sikuliondoa.

Sasa niko Nakuru, wiki ya tatu,
nimeketi chini ya mnara kule Kiamunyi, mkanda bado kiunoni.
Simu inatetema mfukoni mwa shati, upande wa moyo.
Ni Mayi.
Anauliza kama nimekula.
Anauliza kama simu naiweka mbali na mwili.
Ndiyo, Mayi, namwambia,
huku upepo ukivuma kwenye nyaya
nami nikiibana zaidi sikioni
nisikose neno.