Ndani ya Bawa la Sitini na Moja

Usiku walipohesabu kura za jirani
mimi nilikuwa ndani ya bawa la kushoto,
kifua juu ya ubao, taa mdomoni,
nafunga nyaya ambazo abiria hatazijua.
Mirabel, zamu ya pili. Nje theluji ya kwanza
inaijaribu ardhi kama mtu ajaribuye maji kwa kidole.

Normand alikuwa na redio kwenye kisanduku cha spana.
Kila jimbo lilipotangazwa aliipaza sauti,
kisha akaipunguza,
kana kwamba sauti ikishuka na hesabu itashuka.
"Wewe hupigi kura kule," nilimwambia toka ndani ya bawa.
"Sipigi," akajibu. "Napigwa."

Riveti hizi zimetoka kwao.
Injini imetoka kwao, siku tatu juu ya lori,
ikasimama mpakani, ikagongewa muhuri, ikaruhusiwa.
Sisi twaipa bawa, twaipa tumbo, twaipa mkia,
kisha twairudisha kwao na jina lao ubavuni.
Nani kamuuzia nani?
Hata afisa wa forodha, ukimuuliza ghafla, atakuna kichwa.
Na sasa ameshinda mtu
aliyeahidi ushuru juu ya kila kivukacho mstari ule,
umati ukashangilia viwanja vizima,
nami nikawaza: umati huu, ukienda kwa shangazi,
unapanda ndege za nani?

Wahenga walisema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.
Hawakusema la kufanya
ikiwa mwenzio ndiye kaushika wembe
na kichwa anachokitazama ni chako.

Saa tano kasoro simu ilitetemeka mfukoni.
Binamu yangu Corliss, wa Plattsburgh;
mama zetu walilala kitanda kimoja miaka kumi na miwili,
kabla mmoja hajaolewa upande wa pili.
Kaandika: Usinichukie, Ghislaine. Si wewe. Ni mayai.
Dazeni moja dola tano na senti themanini na tisa.
Sikumjibu.
Utamjibu nini mwenye watoto wanne na kikaango?

Siku ya tatu Madame Archambault alishuka toka ghorofani,
viatu vyake vya ofisini vikiogopa mafuta ya sakafu,
akasema hakuna kilichobadilika.
Alisema mara tatu.
Ya kwanza tulimwamini.
Ya pili tulitazamana.
Ya tatu Normand alianza kuhesabu kwa vidole
miaka iliyobaki kwenye mkopo wa nyumba,
na vidole vikamwishia.

Mshindi hata kuapa hajaapa,
lakini mnunuzi wa kusini amepiga simu:
rangi isimame kwanza.
Basi ya sitini na moja iko pale, mkiani herufi tatu kati ya saba,
zilizobaki zimefunikwa karatasi ya kahawia,
kama mtu aliyekatizwa akijitambulisha.

Tuna desturi. Kabla ya kufunga kidirisha cha mwisho
kila mfungaji huandika kitu ndani ya bawa.
Thibault huandika majina ya wanawe.
Mzee Ouellet, kabla hajastaafu, aliandika matusi, kwa mwandiko mzuri.
Nikatoa kalamu ya wino
(si penseli; penseli hula alumini polepole,
hilo twafundishwa siku ya kwanza)
nikaandika: 5.89.
Nikakaza skrubu kumi na sita, kila moja kwa kipimo chake.

Labda miaka ishirini ijayo, katika karakana ya kule kusini,
fundi atakifungua kidirisha hiki, amulike,
aione namba, asite.
Ataufungua mwongozo, ukurasa baada ya ukurasa,
akitafuta ni kipimo cha nini.